Kumwona nyangumi bila kumfukuza: maelekezo kwa anayetoka Nairobi

Kazi yangu ni miwani. Nina kibanda kwenye eksibisheni moja karibu na River Road, ghorofa ya pili, ambako nakata lenzi, nakaza skrubu na kubadilisha vile vipande vidogo vya kukaa puani. Ukutani nimebandika picha ya mkia wa nyangumi, mweusi wenye mabaka meupe kwa chini, maji yakimiminika kutoka kwenye ncha zake. Kila Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imewavika watu wote makoti, hakosi mteja wa kunyoosha kidole: "Hii ni wapi?" Nikimjibu Watamu, huko pwani karibu na Malindi, anadhani nimekosea. Tunajua wote kwamba Agosti ni mwezi wa nyumbu kuvuka Mara. Wachache wanajua kwamba miezi hiyo hiyo, Julai hadi Septemba, nyangumi wenye nundu wanapita mbele ya pwani yetu. Wametoka bahari ya Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000, wakija kuzaa na kupandana kwenye maji ya uvuguvugu.

Nimewaeleza watu wengi namna ya kwenda, bisibisi mkononi, mmoja mmoja. Leo nayaandika yote.

Amua unamtafuta nani

Nyangumi na pomboo si safari moja. Ukimtaka nyangumi, nenda Watamu kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Septemba. Pale sakafu ya bahari inateremka haraka baada ya mwamba, kwa hiyo boti haihitaji kwenda mbali sana kufika kilindini. Ukitaka pomboo, hasa kama una watoto, nenda Shimoni, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, uingie hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Pomboo wa pale ni wakazi, wanaonekana miezi mingi ya mwaka, na bahari hutulia vizuri msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi.

Sikushauri ufanye yote wikendi moja. Kati ya Watamu na Shimoni ni karibu kilomita 200, na Mombasa iko katikati na misongamano yake. Nimewaona watu wakijaribu. Jumapili jioni wanarudi Nairobi wakiwa wameona barabara.

Kuna neno moja la kuelewa kabla hujalipa shilingi: kusi. Nyangumi wanakuja wakati upepo wa kusi unavuma, na kusi ndio upepo unaochafua bahari. Kwa hiyo mwenye kutaka nyangumi anakubali mawimbi. Hakuna Agosti ya bahari ya kioo. Mtu akikuuzia safari kwa picha ya maji yaliyotulia kama beseni, muulize picha ilipigwa mwezi gani.

Usimchanganye nyangumi na papa shilingi pia. Huyo ni samaki, mkubwa wa ajabu, mgongo wake umejaa madoa meupe; wazee wa pwani husimulia kwamba Mungu alifurahia kumwumba hata akamtupia sarafu za fedha mgongoni. Huja zaidi msimu wa kaskazi. Wateja wangu wawili walisafiri Februari kumtafuta nyangumi kwa sababu mtu aliwaonyesha picha ya papa shilingi.

Usafiri

Hapa nitapita haraka. Treni ya Madaraka inaondokea Syokimau na inashusha Miritini. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi Sh1,500 Januari 2024, na tiketi unakata kwa simu kupitia *639#. Agosti ni likizo ya shule, viti vinaisha, kata mapema. Fika stesheni saa nzima kabla, maana mizigo inapangwa chini inuswe na mbwa kabla hujaingia. Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, shuka Gede, kisha tuktuk hadi Watamu. Kwa Shimoni unavuka Likoni, unapanda matatu ya kwenda Lunga Lunga na kushuka kwenye njia panda ya Shimoni. Yako pia mabasi ya usiku ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Malindi.

Usipande boti siku ile ile uliyoshuka kwenye gari. Mwili uliochoka haustahimili mawimbi. Lala kwanza.

Ada za hifadhi zinalipwa kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu, na Mkenya analipa ada ya Mkenya akionyesha kitambulisho. Lipa ukiwa bado kitandani, maana mtandao wa ufukweni huchagua siku yake.

Jinsi ya kuzungumza na nahodha

Sehemu hii naijali kuliko zote, na nitaeleza sababu.

Mara yangu ya kwanza tulikuwa majirani sita kutoka mtaa mmoja, Eastlands. Hatukujua chochote. Tulilipa, tukapanda, na baada ya saa moja tukamwona nyangumi na mtoto wake. Boti nyingine nne zilikuwa zimeshawazunguka. Nahodha wetu alisita. Mimi ndiye niliyesema, "Songa, mzee, songa kidogo, tutakuongeza." Akasonga. Yule mama akaweka mwili wake kati yetu na mtoto, akazama. Mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu kama mamake, kwa hiyo alikuwa akiibuka peke yake kuvuta pumzi, na kila alipoibuka mashine zote zilinguruma kumwelekea. Mama akaibuka, akazipa boti mgongo, wakaenda. Tukafuata. Wakazama tena. Tulifuata hivyo karibu nusu saa.

Usiku ule, nyumba ya wageni, nilisikia mwenye nyumba akieleza kwamba nyangumi akiwa huku kwetu hali karibu chochote. Chakula chake, wale kamba wadogo wadogo, kiko kule kwenye baridi. Miezi yote ya huku anaishi kwa mafuta ya mwilini, na kwa mafuta hayo hayo ananyonyesha mtoto aliyezaliwa na urefu wa mita 4 au zaidi na uzito unaokaribia tani moja, tena abaki na nguvu za kumrudisha kusini. Kila mbio tunayomkimbiza, anailipa kwa akiba hiyo. Kwetu mzazi hakimbizwi. Anakaa ndani siku arobaini, anapikiwa uji, anakandwa, wageni wanapunguza sauti. Na mimi nilikuwa nimemwahidi mtu pesa ili amfukuze mzazi baharini.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya bei, nazungumza hivi kwa simu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Tuko wanane, mmoja mtoto wa miaka 11. Nataka boti nzima. Jaketi za kuokoa maisha zinatosha wote, na ya mtoto ipo?"

Akijibu vizuri, naendelea: "Na jambo moja, mzee. Pesa yako ni ile ile, tuone tusione. Tukimwona tukae mbali, uzime mashine. Tukikosa, tutakushukuru vile vile."

Mzee tunayekwenda naye sasa, siku ya kwanza nilipomwambia maneno hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitawapeleka kama ninavyoenda mwenyewe." Nilielewa baadaye. Nahodha wengi wanajua adabu ya bahari kutuzidi. Sisi wageni ndio tunaowaharibu, kwa sababu bakshishi yetu inapimwa kwa umbali: ukinisogeza nakuongeza. Ukiondoa hilo kabla ya safari, umemfungua mikono.

Umbali wenyewe: miongozo mingi duniani inaweka mita 100 kwa nyangumi na mita 50 kwa pomboo, na kwa mama mwenye mtoto ongeza. Mita 100 ni urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli, jambo ambalo kila mtu wa Nairobi anaweza kulipiga picha kichwani. Boti ije kutoka ubavuni, polepole, ikienda sambamba naye. Isimkatize mbele na isimfuate kutoka nyuma kabisa. Isiingie kamwe kati ya mama na mtoto. Kama kuna boti nyingine mbili zimeshafika, subirini kando. Nusu saa inatosha, kisha muondoke. Akianza kupiga maji kwa mkia mara kwa mara, au kubadilisha njia kila mnapogeuka, au kuzama muda mrefu zaidi na zaidi, anawaambia nendeni. Lakini yeye akija kwenu mwenyewe, na hutokea, mashine ibaki imezimwa, mikono ndani, kimya.

Kuogelea naye, hapana. Kumtupia pomboo mkate au samaki, hapana.

Maswali mengine ya simu: boti ina leseni? Ina mashine ya pili au njia ya kuita msaada? Watu wangapi mwisho? Nahodha asiyependa maswali haya, mshukuru, tafuta mwingine. Na muulize mnaondoka saa ngapi, ila usitarajie jibu kama la matatu. Boti inapita kwenye mlango wa mwamba, na maji yakiwa yamekupwa sana, hasa siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, inaweza kukwama mchangani. Saa ya kuondoka hupangwa na mwezi wa angani. Kwa kawaida utaambiwa alfajiri, kwa sababu kusi huamka na jua. Kufika adhuhuri bahari imechafuka.

Macho

Ukikaa mita 100, utaona nini? Hilo ndilo swali ninaloulizwa kibandani, na ndipo kazi yangu inapoingia. Mtu asiyejua kuangalia lazima asogee. Anayejua, mita 100 ni karibu sana.

Anza na miwani ya jua. Watamu bahari iko mashariki, na mnatoka asubuhi, kwa hiyo jua linachomoza usoni penu na kugonga maji. Mng'ao ule unaficha kila kitu. Miwani ya giza ya kawaida inapunguza mwanga wote kwa pamoja, mng'ao na nyangumi, yaani haikusaidii. Unataka lenzi za polaraizidi, ambazo huzuia hasa mwanga ule uliolala unaoruka kutoka juu ya maji. Muuzaji yeyote wa barabarani atakuapia zake ni polaraizidi. Mjaribu hivi: chukua miwani miwili anayodai ni ya aina hiyo, weka lenzi moja mbele ya nyingine, kisha zungusha mmoja hadi usimame wima. Zikiwa za kweli, mahali lenzi zinapopishana pataingia giza totoro. Zikibaki vile vile, rudisha. Tafuta pia alama ya UV400, ya kinga ya miale ya jua inayodhuru macho. Giza la lenzi peke yake si kinga ya miale, na lenzi nyeusi isiyo na kinga inaifanya mboni ifunguke na kupokea miale zaidi. Funga kamba nyuma ya shingo, maana bahari hairudishi miwani. Na ukitaka kupiga picha ukiwa umeivaa, usishtuke kioo cha simu kikiwa cheusi; geuza simu upande, kitarudi.

Darubini sasa. Utaona imeandikwa namba mbili. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wananunua namba kubwa wakidhani ndiyo bora. Kwenye boti ni kinyume: 10 inakuza na mtikisiko pia, hutaona ila maji yanayoruka. Chukua 7x50 au 8x42. Kabla ya kitu chochote iweke sawa na macho yako: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi, kisha funga la kushoto, na bila kugusa gurudumu zungusha kile kipete cha jicho la kulia. Unayevaa miwani, kunja chini ile mipira iliyozunguka vioo vya kutazamia ili uone uwanja wote. Watu wamekaa na darubini miaka mitano na hawajafanya hili hata siku moja, wanasema inawaumiza kichwa.

Ufanye mazoezi hapa hapa Nairobi. Nenda Nyayo Stadium, kwenye miti ile ya Mombasa Road ambako korongo wafukoshingo wanakaa juu kama mabwana wenye makoti. Mtazame mmoja kwa macho matupu, usimwachie, kisha inua darubini mpaka machoni bila kuangalia chini. Ukimpata ndani ya sekunde mbili, uko tayari. Halafu jaribu mwewe anayezunguka juu ya soko. Mtoto wa kaka yangu alifanya hivyo wiki nzima kutoka roshani ya nyumba yao, na kwenye boti yeye ndiye aliyetangulia kuona.

Baharini unaanza na macho matupu. Darubini ni ya kuthibitisha, si ya kutafuta. Gawaneni bahari: mmoja aangalie omo, yaani mbele ya boti, mmoja tezi, yaani nyuma, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kila baada ya dakika 15 mbadilishane, kwa sababu jicho linalotazama kipande kimoja muda mrefu huacha kuona. Tembeza macho polepole kati ya upeo wa bahari na nusu ya njia ya kurudi kwenu. Nyangumi wengi wa kwanza wanaonekana pale, na abiria wengi wanatazama maji yaliyo chini ya boti.

Na tafadhali msitumie saa kuonyesha upande. Mwaka wetu wa pili msaidizi wa nahodha alipiga kelele, "Saa tatu! Saa tatu!" Nusu ya boti ikageuka kulia, nusu kushoto. Yeye alikuwa amejifunza kwa watalii, na kwa hesabu ya Kizungu saa tatu ni mkono wa kulia. Lakini saa tatu yetu, ile ya asubuhi ya chai, mshale mfupi uko kwenye 9, na 9 iko kushoto. Tangu hapo tunasema maneno ya baharini: omo au tezi, kisha kulia au kushoto. "Omo kulia!" haina mabishano.

Unatafuta nini hasa

Pumzi. Nyangumi akiibuka anatoa pumzi kwa nguvu, na mvuke wake unapanda kama mita 3, umetanuka kama kichaka. Tatizo la Agosti ni kwamba bahari yote ina povu jeupe la mawimbi. Tofauti ni hii: povu la wimbi linaanguka na kuteleza chini, pumzi inapanda, inasimama kidogo, kisha upepo unaisukuma pembeni na kuifuta. Jua likiwa nyuma yake inang'aa. Ukiona moja, usiondoe macho. Zitafuata nyingine mahali karibu na pale.

Kisha mgongo, mweusi, unaoteleza juu kama gurudumu linalozunguka taratibu, na pezi dogo lililokaa juu ya nundu. Akiukunja mgongo juu zaidi na mkia ukainuka wote, anakwenda chini kabisa. Hapo tulieni, anaweza kukaa dakika 10 au zaidi. Wengi hukata tamaa wakati huu na kumwambia nahodha atafute mwingine. Mimi naangalia saa yangu na kunywa maji.

Juu ya maji anapopita huacha nyayo. Naam, nyayo: kila anapopiga mkia chini, maji yanapanda na kutandaza duara laini, kama mafuta, katikati ya mawimbi. Ukiona maduara mawili matatu yamejipanga, unajua anaelekea wapi, na nahodha anajua asipite juu yake.

Ndege wanaopiga mbizi mahali pamoja ni ishara ya samaki wadogo, na kwenye samaki wadogo huenda mna pomboo. Huko nje ya Watamu kuna wale wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani kama pia. Wale wa Kisite wengi ni wanene zaidi, wa mdomo kama shingo ya chupa. Karibu na ufuo wapo wenye nundu, wenye haya. Hao wakikuepuka waache, wao ni wachache.

Nyangumi akiruka mzima, tani 25 au 30 zikiwa hewani, huna haja ya maelekezo yangu. Nimeona mara nne katika safari zangu zote. Sauti inafika baadaye kidogo, nzito, kama mlango wa lori. Mtoto wa kaka yangu alinishika mkono, akasema tu, "Shangazi," na hakumalizia.

Mkiwa mmezima mashine, tulieni pia kwa ajili ya masikio. Madume huimba chini ya maji, na mwenye kifaa cha kusikilizia anaweza kuwashushia. Hata bila kifaa, pumzi ya nyangumi inasikika mbali kwenye bahari iliyonyamaza. Mashine ikinguruma hutaisikia kamwe.

Tumbo, koti na mengine

Kulewa bahari si aibu wala si udhaifu. Usiku uliotangulia kula chakula chepesi, asubuhi mkate mkavu au ndizi na chai ya tangawizi. Usipande na tumbo tupu, na usipande na mahamri ya mafuta na mbaazi za nazi. Hizo ziwe zawadi ya kurudi. Dawa ya kichefuchefu cha safari mwulize mfamasia Nairobi, na umeze kabla ya kupanda, kwa sababu ukishaanza kutapika haikai tumboni. Nyingine zinaleta usingizi, na za watoto zina vipimo vyao. Kaa katikati au karibu na tezi, ambako boti inapiga kidogo. Tazama upeo, usitazame simu. Ikikushinda, nenda upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, si unakotoka. Wenzako watakushukuru.

Mwenye mimba au mgongo mbovu asiende na boti ndogo wakati wa kusi. Nasema hivi kwa wateja wangu wazi wazi, hata wakikasirika.

Beba koti. Watu wa Nairobi tunadhani pwani ni joto saa zote, kisha upepo na maji ya chumvi yanakupata alfajiri na umevaa fulana. Koti la mvua la mtumba kutoka Gikomba linatosha, na kifuko cha simu cha kuzuia maji kinapatikana Luthuli. Kofia yenye kamba, mafuta ya jua, maji ya kunywa mengi. Boti nyingi ndogo hazina choo, na mnakaa nje kwa muda wa saa tatu au nne. Jiandaeni kabla ya kutoka, na mwanamke amweleze nahodha mapema kama atahitaji kurudi, asione haya.

Picha yenye kazi

Wengi wanapiga kichwa au mtoto. Wewe subiri mkia. Chini ya mkia wa kila nyangumi mwenye nundu kuna michoro nyeupe na nyeusi isiyofanana na ya mwingine, kama alama za kidole. Picha ya mkia kutoka nyuma, ikiwa wazi, inaweza kumtambulisha huyo huyo akionekana mwaka mwingine au pwani nyingine. Pomboo wanatambuliwa kwa pezi la mgongoni, kwa mikato na makovu yake. Andika tarehe, saa, mahali, wangapi, na kama kulikuwa na mtoto. Mtandao wa watafiti wa mamalia wa baharini nchini Kenya na chama cha bahari cha Watamu hukusanya taarifa hizi, na nyingi zimetoka kwa manahodha, wavuvi na abiria wa kawaida kama sisi. Mwambie nahodha wako. Huenda yeye mwenyewe ana daftari.

Mzee wetu analo. Mwaka jana alinionyesha: kurasa za mistari, mwandiko wa kalamu ya wino iliyoloa pembeni, tarehe moja chini ya nyingine. Aliandika pia siku alizotoka na asione kitu. Nyangumi hawa wamo ndani ya hifadhi ya nyangumi ya Bahari ya Hindi iliyotangazwa 1979, baada ya miongo mingi ya kuwindwa kwa mizinga ya mikuki kusini mwa dunia. Hifadhi hiyo haina ua wala mlango. Ulinzi wake huku kwetu ni watu kama huyu, na abiria wasiomwambia asogee.

Ukirudi

Usipanguse miwani wala darubini boti ikifika. Chumvi iliyokauka ni punje ngumu, na ukipitisha shati juu yake unachora lenzi mistari ambayo hata mimi siwezi kuiondoa. Kila Septemba napokea miwani ya namna hiyo. Suuza kwanza kwa maji ya bomba yanayotiririka, weka tone la sabuni ya vyombo, sugua taratibu kwa ncha ya kidole pande zote mbili na kwenye bawaba, suuza tena, kisha ndipo kitambaa laini. Darubini isiyozuia maji usiitie majini: kitambaa kilicholoa maji yasiyo na chumvi, kwa kugusagusa, mpaka chumvi ilainike. Fanya usiku huo huo kabla ya kulala.